Miti ya Erika iliyoungua 2020 inachipua chini ya shina. Imekufa au haijafa?

MgumuWaMarangu:
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mgumu, napandisha mizigo Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, mwaka wa tisa huu. Swali langu ni la miti.

Mnaukumbuka moto wa Oktoba 2020, ule ulioanzia Whona, pale tunapopumzika kati ya kambi za Mandara na Horombo. Uliteketeza karibu kilomita za mraba 95. Nilipopita baadaye majivu yaliingia hadi kwenye meno. Ile miti ya Erika, yenye vijani kama sindano fupi na ndevu za mzee zinazoning'inia, ilibaki mifupa mitupu.

Sasa juzi nimetua mzigo pale kufunga kamba ya kiatu. Mbele ya pua yangu kuna shina jeupe, kavu, ukiligonga linalia kama kibuyu. Lakini linapoingia ardhini limetoa vijiti vya kijani zaidi ya ishirini, vinanifika kiunoni. Hatua kumi mbele kuna shina jingine jeupe vilevile, na chini yake hakuna hata jani. Moto ni uleule, siku ileile. Mteja akaniuliza sababu, nikamjibu "pole pole", maana ndilo jibu letu la kila kitu mlimani. Mnisaidie kabla hajarudi mwingine na swali hilo.

MzeeWaKitalu:
Marahaba, kama uliniamkia. Kama hukuniamkia tuendelee tu.

Nimefanya kazi ya misitu hadi nikastaafu, sasa naotesha miche nyumbani. Ulichokiona ni mti mmoja: juu umekufa, chini uko hai. Erika ina nundu ya mti pale shina linapokutana na mizizi, imefukiwa nusu au yote. Ndani ya nundu hiyo kuna macho yaliyolala, yaani sehemu za kutolea machipukizi, na kuna chakula kilichowekwa akiba. Moto ukipita juu unaua matawi, ila udongo ni blanketi zuri sana: sentimita chache chini, joto linakuwa limepungua mno. Matawi yakishakufa, yale macho yanaamka.

Huo wa pili uliokufa moja kwa moja, mimi ningeangalia udongo wake. Huko juu kuna tabaka nene la mboji na majani yaliyooza. Kiangazi kikali likikauka, linashika moto na kufuka chini kwa chini siku nyingi. Hapo blanketi limegeuka jiko. Au inawezekana mti huo ulikuwa umeshaungua miaka ya nyuma, ukachipua, na akiba yake ilikuwa haijarudi moto wa pili ulipofika. Akiba ni akiba, ukiitoa mara mbili bila kuweka inaisha.

Mkaratusi wa nyumbani kwako unafanya jambo la jamaa moja na hili. Ukate, uuchome, unachipua tu, kwa sababu macho yake yamejificha chini ya gome. Paini haina ujanja huo. Niliwahi kuona shamba la paini limeungua huko Iringa, miti yote ikafa imesimama. Mvua zilipokuja, miche ikaota kama mchicha. Joto lilikuwa limefungua yale makoni, matunda yake magumu yanayobeba mbegu, na mbegu zikamwagika kwenye majivu. Mti mzazi umekufa, umeacha watoto. Erika inafanya kinyume, inabaki yenyewe.

KaranjaWaNyeri:
Upande wetu wa Mlima Kenya iko tofauti kidogo. Mutarakwa, ule mwangati wenu, haichipuki kabisa. Ikiungua inakufa, na kwa vile mbao yake haiozi haraka, inasimama nyeupe miaka na miaka mpaka watu wanafikiri ni nguzo za stima. Lakini miche yake haipendi kivuli cha msitu uliofunga. Ndege wanakula matunda na kuangusha mbegu mahali palipofunguka. Hagenia, mti mwingine wa mlimani, pia ni hivyo, mbegu zake nyepesi zinapeperushwa na upepo, zinataka udongo ulio wazi na jua. Ndio maana unakuta Hagenia zimesimama kundi zima za umri mmoja, kama watoto wa darasa moja.

Dogo_Himo:
Kwa hiyo wazee, moto ni mzuri? Tuuache uwake?

MzeeWaKitalu:
Dogo, nilijua utauliza. Mpodo, mti mwingine wa msitu wa mlimani, ukiungua haurudi hivyo. Na hata Erika yenyewe, kuchipua si kurudi ilivyokuwa. Ukiiacha miaka mingi inakuwa mti wa mita kumi na zaidi. Ikiungua kila mara inabaki kichaka cha kiunoni, kama alivyopima mgumu wetu. Ukingo wa juu wa msitu uliofunga Kilimanjaro umeshuka mita mia kadhaa kwa sababu ya moto wa mara kwa mara. Mti mrefu wenye ndevu unachuja ukungu, maji yanadondoka hata siku isiyo na mvua. Kichaka hakichuji kiasi hicho. Waulize wenye mifongo, ile mifereji ya kumwagilia mashamba, huko chini. Mti huu umejifunza kuvumilia moto mmoja mmoja wa ukame, haukuwahi kuwazia warina asali na mienge yao kila kiangazi.

MgumuWaMarangu:
Shikamoo mzee, nimechelewa. Na yale masenesio ya Horombo, ile mimea mikubwa yenye shina nene, lile koti la majani makavu si linazuia moto?

MzeeWaKitalu:
Marahaba. Koti lile ni la baridi. Linakinga shina lisigande usiku. Kwenye moto ni kuni alizojivika mwenyewe, na likishaungua shina linabaki uchi kwenye jalidi.

MgumuWaMarangu:
Asante sana mzee. Napanda tena Jumanne, nitafukua moja niione hiyo nundu kwa macho yangu.

MzeeWaKitalu:
Usifukue! Papasa kwa kidole tu, utaisikia.