Kutoka Goma (FZNA): njia gani zina mandhari ya kweli kwa Cessna ndogo?

Mwana_Kituku (Goma)

Jambo wandugu. Naomba ushauri wa kuchagua njia za kuruka kwenye simuleta. Natumia FlightGear na Cessna 172P. Ordinateri ni ya RAM giga 8, na mega nanunua za siku, kwa hiyo mandhari yote lazima iwe imeshashuka kabla ya kuwasha injini. Natafuta njia tatu au nne zinazoanzia Goma, zenye milima na maji, kila moja isipite saa moja hivi.

Nina shida mbili. Ya kwanza: nikitoka FZNA (kiwanja cha ndege cha Goma) na kuelekea volkano ya Nyiragongo moja kwa moja, ndege haifiki ukingoni. Kwenye futi elfu kumi hivi inaning'inia, kasi inakwisha, pua inazama, nagonga ubavu wa mlima. Ya pili: hata nikifika karibu, milima naiona kama kivuli cha kijivu tu. Nimekosea njia au nimekosea mipangilio? Na kwa wa Lubumbashi: huko kuna nini cha kutazama kutoka juu?

---

Yaya_Birere (Goma)

Umekosea vyote viwili, ndugu, lakini njia ndiyo kosa kubwa. Tupige hesabu. Maili zote nitakazotaja ni za baharini.

FZNA iko futi 5,089. Ukingo wa Nyiragongo uko mita 3,470, yaani futi 11,385. Kutoka kiwanjani hadi tundu ni kama maili 9 tu. Ukitaka kuchungulia ndani unahitaji walau futi 12,000, maana yake upande futi 6,900 katika maili 9. Hakuna 172 inayoweza. Kwa wastani wa futi 350 kwa dakika unahitaji dakika 20, na katika dakika 20 utakuwa umeshasafiri karibu maili 30. Hizo maili 30 zitafute juu ya ziwa Kivu: ruka kwa njia ya kurukia namba 17 kuelekea kusini, fuata maji hadi ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Idjwi, kiasi cha maili 15, geuka, rudi. Ukipita tena juu ya Goma utakuwa karibu na futi 12,000, na mlima utakuwa mbele yako badala ya kuwa juu yako.

Lakini kuna la pili ambalo wengi hawaliangalii. Kitabu cha 172P kinasema mwisho wake ni futi 13,000, na hiyo ni kwa hewa ya kawaida ya vitabuni. Kwetu hewa ni ya moto. Kiwanjani Goma kukiwa na nyuzi 25, injini na mabawa yanahisi kama viko futi 7,500, si 5,089. Huko juu kwenye futi 12,000 ndege inahisi karibu 13,700. Umeona? Ikiwa imejaa, imeshapita mwisho wake kabla ya kufika ukingoni. Kwa hiyo fungua dirisha la mafuta na mizigo, acha rubani peke yake, ondoa abiria wote, weka nusu tangi kila upande. Nusu tangi inatosha zaidi ya saa mbili. Hapo ndiyo itafika. Ikiwa bado inakusumbua, pakua Cessna 182: hiyo inafika futi 18,000 bila ugomvi.

Mchanganyiko wa mafuta na hewa nao usiuache umesukumwa hadi mwisho kana kwamba kiwanja kiko pwani. Injini isiyo na turbo ikiwa Goma imeshapoteza karibu robo ya nguvu kwa wembamba wa hewa. Ukiongeza mafuta mengi juu yake unaikaba. Kabla ya kuachia breki, weka nguvu zote, bonyeza herufi M kubwa kidogo kidogo na utazame mizunguko ya injini: itapanda, itafika kileleni, itaanza kushuka. Ikianza kushuka, rudisha kwa m ndogo mara moja au mbili. Rudia zoezi hilo kila futi 2,000 unapopanda.

Kuhusu kivuli cha kijivu: hiyo ni hali ya hewa ya moja kwa moja. Programu inachukua ripoti ya kituo kilicho karibu, ambacho kinaweza kuwa Kigali, ikisema ukungu na kilomita chache za kuona, basi ukungu huo unamwagwa juu ya milima ya Virunga nzima. Izime. Chagua hali tulivu, kisha bonyeza Z kubwa mara kadhaa hadi uone mlima Karisimbi ukiwa juu ya ziwa. z ndogo hupunguza, usizichanganye. Kompyuta ikianza kukwamakwama, rudi hatua mbili. Kuona mbali sana ndiko kunakomaliza RAM ya giga 8.

Mandhari ya kushusha kabla: ndani ya folda ya TerraSync (ndiyo inayoshusha mandhari ya FlightGear), Goma na volkano ziko kwenye Terrain/e020s10/e029s02. Bukavu na Kavumu ziko e028s03, Idjwi iko e029s03, upande wa Sake na Minova unaongezea e028s02. Jina la folda ni kona ya kusini-magharibi ya kila mraba wa nyuzi moja. Chukua pia folda za Objects zenye majina hayohayo. Mtu mmoja mwenye intaneti nzuri akishazishusha, zinanakilika kwa flashi bila kutumia mega hata moja.

Sasa njia yenyewe. Ukiniuliza mimi, nzuri kuliko zote kwa 172 si Nyiragongo. Ni pwani ya magharibi ya ziwa, Goma hadi Kavumu: toka kiwanjani, elekea Minova, shuka na pwani hadi Kalehe, ingia FZMA, kiwanja cha Kavumu. Ni maili 50 hivi, dakika 35 hadi 40. Kaa futi 8,500, maili moja au mbili kutoka ukingoni, juu ya maji. Milima inainuka kutoka ziwani moja kwa moja, na kwenye urefu huo inakuwa usawa wa bega lako la kulia. Idjwi unaiona kushoto.

Na iruke asubuhi, saa moja au saa mbili. Sababu ni jua. Asubuhi jua linatoka upande wa Rwanda na kupiga miteremko ya Minova na Kalehe usoni: kila korongo linaonekana, kila mgongo wa mlima una upande wa mwanga na upande wa kivuli. Saa sita mchana mandhari hiyohiyo ni bapa kama sahani. Jioni geuza njia, fuata pwani ya Rwanda. Popote unapochagua kwenda, jiulize kwanza jua litakuwa nyuma yako au machoni mwako.

---

Nguba_Bkv (Bukavu)

Yaya amesema kweli. Naongeza upande wetu.

Usitafute kiwanja ndani ya mji wa Bukavu. FZMA iko Kavumu, kama kilomita 30 kaskazini, futi 5,643, njia ya 17/35. Ile unayoiona jirani kabisa na mji, ng'ambo ya maji, ni Kamembe ya Rwanda, HRZA, njia ya 02/20 ya mita 1,500. Wengi wanajipanga kutua Kamembe wakidhani ni kwetu. Ukifika Kavumu na mafuta yapo, usitue kwanza: endelea kusini maili 11, shuka futi 7,000, uzitazame rasi za mji zilivyoingia ziwani kama vidole vya mkono uliochovywa majini. Kisha geuka, utue kwa 35. Mlima Kahuzi, mita 3,308, uko maili 8 hivi magharibi ya kiwanja, kwa hiyo mizunguko yote ya kutua ifanye upande wa ziwa.

Njia ninayoipenda zaidi ni Kavumu hadi Bujumbura (HBBA), maili 68 kwa kupitia Kamanyola. Uzuri wake ni kwamba unashuka njia yote. Ziwa Kivu liko mita 1,460, Tanganyika iko mita 773, na mto Ruzizi ndiyo ngazi kati yao. Baada ya Bukavu, hadi maili 28 kutoka Kavumu, mto uko ndani ya korongo jembamba lenye mabwawa mawili ya umeme. Ukifika Kamanyola kuta zinafunguka ghafla na bonde lote la Ruzizi linalala mbele yako hadi Uvira. Hapo ndipo pa kuweka kamera ya nje. Anza futi 8,500 na usiingie ndani ya korongo: halina nafasi ya kugeuza. Na kwa kuwa unashuka hadi kiwanja cha futi 2,582, rudisha mafuta kwenye mchanganyiko kila futi 2,000. Ukiusahau kama ulivyouweka Kavumu, injini itakohoa ukiwa tayari kwenye mstari wa kutua.

Kwa wenye simuleta ya X-Plane: tengenezeni picha za setilaiti kwa programu ya Ortho4XP, miraba -02+029, -03+028 na -03+029. ZL16 (kiwango cha ukaribu wa picha) inatosha kwa milima, ZL17 iwekeni kuzunguka viwanja tu, vinginevyo diski inajaa. Shusheni mpangilio wa curvature_tol kutoka 2.0 hadi 1.0 au chini yake, maana umbo la kawaida linalainisha kingo za volkano. Tatizo kubwa la Virunga ni mawingu yaliyopigwa picha pamoja na mlima: unafika juu ya Mikeno unakuta doa jeupe limepakwa ardhini. Tazameni kila chanzo kabla ya kujenga, BI (Bing) na Arc (ArcGIS) hazifanani. Pakishindikana, kilele pekee kifunikeni kwa picha ya EOX, ambayo ni ya setilaiti ya Sentinel-2 iliyosafishwa mawingu. Haina ncha kali, lakini ni kijani cha kweli.

Kuhusu tundu la Nyiragongo, msitegemee umbo la leo. Simuleta nyingi zinatumia vipimo vya mwinuko vya SRTM, vilivyochukuliwa kutoka angani Februari 2000, kabla ya mlipuko wa Januari 2002 na ule wa Mei 2021. Na mandhari ya kawaida haichori lava.

---

Mwana_Kituku (Goma)

Aksanti sana, yaya, na wewe wa Bukavu. Nusu tangi na M kubwa vimefanya kazi: 11,900 juu ya Goma, na bado inapanda. Maswali mawili ya haraka. Kavumu nafika nikiwa na mwendo mkali, naishia mwishoni mwa njia. Niongeze kasi ya kutua kwa sababu ya mwinuko, au nipunguze? Na Karisimbi?

---

Yaya_Birere (Goma)

Wala usiongeze wala usipunguze. Saa ya kasi isome ileile ya pwani, fundo 65 kwenye mstari wa mwisho. Ardhi itakimbia haraka zaidi chini yako kwa sababu hewa ni nyembamba, na jicho litakudanganya kwamba uko mbio, amini saa. Kinachokupeleka mwisho wa njia ni kuanza kushuka umechelewa. Ukiwa futi 8,500, anza maili 10 kabla ya kiwanja, futi 500 kwa dakika, ufike 6,600 unapoingia mzunguko.

Karisimbi ni mita 4,507, futi 14,787. Kwa 172 utazame kutoka ubavuni. Kuna njia safi ya hilo: pita kati ya Nyiragongo na Mikeno kwa futi 9,500, uteremke upande wa Rutshuru hadi ziwa Edward, maili 58 hivi kutoka Goma hadi Vitshumbi. Baada ya kupita hapo kati, ardhi inakuacha: ulikuwa na mita mia chache za mlima chini yako, mara una tambarare hadi macho yanapoishia. Kama hutaki kupoteza muda wa kupanda, anzia hewani kwa amri hizi za FlightGear:

--lat=-1.85 --lon=29.15 --altitude=9500 --vc=95 --heading=27

Hapo uko juu ya ziwa, mstari unapita juu ya FZNA, kisha unaacha Nyiragongo kama maili 4 kushoto.

---

Katuba_Kwetu (Lubumbashi)

Kwa upande wa Katanga nitasema wazi: kwa mandhari ya kawaida ya FlightGear, kutoka FZQA (kiwanja cha Lubumbashi, futi 4,295) utaona nyasi na miti ya kubuni saa nzima. Nchi yetu inahitaji picha za setilaiti. Ukiwa nazo, ruka Lubumbashi – Likasi – Kolwezi (FZQM), maili 130 hivi. Migodi ya wazi inaonekana kwa ngazi zake, nyekundu na kijivu, na ukikaribia Kolwezi unapata ziwa la Nzilo. Kaa futi 7,000. Juu zaidi ya hapo ngazi zinapotea. Ni zaidi ya saa moja kwa 172, kwa hiyo ishia Likasi.

Njia nyingine ni ukingo wa uwanda wa Kundelungu, kaskazini. Maporomoko ya Lofoi, zaidi ya mita 300, simuleta haiyachori kama maji yanayoanguka. Utakachoona ni ukuta wa mwamba ambapo uwanda unakatika. Fungua Little Navmap, ambayo ni ya bure, fuata mto Lofoi hadi mistari ya mwinuko inaposongamana, weka alama hapo, uifanye kituo cha njia. Jua la jioni ndilo linaloupiga ukuta unaotazama magharibi.

Mraba wa Lubumbashi kwenye TerraSync uko folda nyingine kubwa: e020s20/e027s12.

---

Nguba_Bkv (Bukavu)

Nyongeza ndogo kwa Mwana_Kituku: data za zamani zinaandika njia ya Goma 18/36 badala ya 17/35. Ukiona amri ya --runway=17 imekataliwa, jaribu 18. Urefu nao unatofautiana kwa sababu lava ya 2002 ilifunika upande wa kaskazini, na baadhi ya matoleo bado yanaonyesha njia iliyokatwa. Kwa 172 haina neno, ila ukija na ndege kubwa pima kwanza kwenye ramani.