Chembe za nano badala ya kimeng'enya katika vipimo vya maabara

Fundi wa maabara, Tukuyu: Ndugu zangu, umeme unapokatika hapa zahanati, vitendanishi vyenye kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko) huharibika jokofuni. Je, chembe za nano, yaani chembe ndogo mno, zilizotiwa metali zinaweza kushika nafasi yake?

Mkemia, Iringa: Kwa sehemu, ndiyo. Mwaka 2007 watafiti wa China walionyesha kwamba chembe za oksidi ya chuma hutenda kama kimeng'enya cha peroksidesi, yaani penye haidrojeni peroksidi hugeuza kitendanishi cha TMB, kisicho na rangi, kuwa buluu. Kwa kuwa kimeng'enya kingine, glukosi oksidesi, huzalisha peroksidi hiyo inapovunja glukosi, ukolezi wa buluu huonyesha kiwango cha sukari. Kutia kobalti au manganizi kwenye chembe hizo mara nyingi huongeza kasi ya mmenyuko, maana elektroni hupita kwa urahisi zaidi.

Fundi: Nashukuru, Mwalimu, lakini hiyo glukosi oksidesi si bado yahitaji jokofu?

Mkemia: Hapo umenibana. Chembe hustahimili joto, ila haziwezi kuitambua glukosi pekee kama kimeng'enya kifanyavyo, hivyo glukosi oksidesi bado yahitajika.

Mfamasia, Mbeya: Tena chembe nyingi za aina hiyo hupendelea tindikali ya pH karibu 4, ilhali damu ni 7.4, hivyo sampuli hulazimika kurekebishwa kwanza.