Mrejesho: lile jiko la safari ya miguu
Wakuu, mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza nibebe jiko gani safari ya siku nne kwa miguu, la gesi linalofungwa juu ya kamtungi au la spiriti, wengi mkasema gesi. Nikachukua la gesi liitwalo PocketRocket 2, gramu 73 tu, kwenye begi hata hulisikii. Maji nusu lita yanachemka dakika mbili tatu kama kumetulia, ila upepo ukianza weee, moto unalala upande sufuria inabaki vuguvugu, ikabidi nipange mawe kule upepo unakotokea, na sikuuzungushia mtungi wote maana ukipata joto sana unaweza kulipuka.

Asubuhi ya tatu baridi kali moto ukafifia. Aliyeniambia niangalie aina ya gesi iliyomo mtungini asante sana, kumbe butani tupu inagoma kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi 0, ila aina nyingine, isobutani, inavumilia mpaka kama 11 chini ya sifuri. Usiku uliofuata nikalala nimeukumbatia mtungi usipate baridi, asubuhi moto ukawaka safi kabisa.

Mwenzangu alikuwa na la spiriti, halina kelele, lakini mchana moto wake hauonekani, nusura aungue vidole akidhani limezima. Mimi nabaki na gesi.