Chumba cha kompyuta cha shule yetu: laptopu za i7 au za mezani za i5? Tujadili kabla ya Jumamosi

Kidato cha Nne B: Wakuu, habari za jioni. Kwa ambaye hajasikia, michango yetu tuliosoma pale imefika milioni 6, na mwalimu mkuu ametupa kile chumba kando ya stoo. Bei ziko mbili mkononi, zote mtumba. Muuzaji wa Barabara ya 12 hapa Tanga ana laptopu za i7-7500U (hilo ni jina la prosesa, ubongo wa mashine), laki 6 moja, tunapata 10. Wa pili yuko Kariakoo, Dar, ana za mezani i5-7500 na skrini zake, laki 4 na nusu, tunapata 13 na chenji ya laki na nusu inabaki. RAM zote GB 8. Mimi naona laptopu, maana namba ni ileile 7500 na i7 iko juu ya i5. Kikao Jumamosi baada ya alasiri. Semeni.

Mikanjuni Juu: Laptopu bila kupiga kura. i7 ina bongo 7, i5 ina 5. Hii hata darasa la pili wanaijua.

Fundi Makorora: Astaghfirullah. Hiyo 7 si idadi ya kitu chochote, ni daraja la jina tu. Hiyo i7-7500U ina viini 2, yaani hizo bongo zenyewe. Viwili, mgosi! Ile i5-7500 ya mezani ina 4. Siri iko kwenye hiyo herufi U mwishoni: prosesa ya kubana umeme, imepangiwa wati 15. Ya mezani imepangiwa wati 65. Kuiita ile i7 ukailinganisha na ya mezani ni sawa na kuchukua bajaji ukaiandika Scania ubavuni.

Kange Stendi: Nilikuwa nasoma kimya, fundi. Bajaji imeingiaje hapa?

Fundi Makorora: Mfano tu ndugu yangu.

Kange Stendi: Mfano gani wa kudhalilisha kazi za watu? Bajaji imesomesha watoto wangu wawili kwenye shule hiyohiyo mnayoichangia. Na Scania haiingii uchochoro wa Makorora kukufuata wewe na mgonjwa saa nane za usiku.

Shangazi wa Chuda: Hapo umenena mwanangu. Juzi mvua imepiga, ni bajaji iliyonitoa Mgandini na kapu langu la samaki. Hizo Scania sikuziona.

Mikanjuni Juu: Hahaha fundi leo umekanyaga waya.

Ngamiani Kitambo: Turudi kwenye hoja. Fundi unasema viini 2 kwa 4, sawa, lakini laptopu ile viini vyake 2 vinabeba kazi 4 kwa pamoja, na ya mezani viini 4 vinabeba 4. Si zimetoka sare?

Fundi Makorora: Sare ya wapi. Mtu mmoja akishika sufuria mbili jikoni hajawa wapishi wawili. Zikichemka zote atakimbia huku na huku. Ya mezani kila sufuria ina mpishi wake. Halafu mwendo: ya laptopu inaanzia GHz 2.7 na ikijikaza inafika 3.5. Ya mezani inaanzia 3.4, inafika 3.8. Pale inapoanzia ya mezani ndipo karibu ya laptopu inapoishia.

Kijana wa Raskazone: Fundi bado uko zama za kale. Laptopu za siku hizi si kama hizo. Apple walipotoa M1 mwaka 2020 waliiweka kwenye MacBook Air isiyo na feni kabisa na ikazitoa jasho za mezani nyingi tu. Hoja ya kwamba laptopu ni dhaifu imekufa zamani.

Shangazi wa Chuda: Hiyo ya Apple laki 6 inapatikana wapi mwanangu, nami niagizie.

Kijana wa Raskazone: Shangazi nilikuwa natoa elimu tu.

Ngamiani Kitambo: Raskazone wana elimu, sisi tuna milioni 6.

Kijana wa Raskazone: Kila kitu lazima mseme Raskazone! Mimi nimezaliwa Duga, nimehamia huku kwa kupanga chumba kimoja. Acheni hizo.

Mwalimu Mstaafu: Vijana, kwanza tuseme kompyuta mpakato, hiyo laptopu mnailazimisha. Pili, mimi nimefundisha miaka mingi na naijua Tanga ya Februari. Chumba kile kina bati, hakina dari, dirisha moja. Kompyuta mpakato ikipata joto inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Feni yake ni ndogo kama kifuniko cha soda. Hiyo 3.5 anayoitaja fundi mtaiona asubuhi. Kuanzia saa sita mchana, msiitegemee.

Mikanjuni Juu: Mwalimu, mpakato ni jina la kwenye kamusi, hakuna muuzaji atakuelewa. Nenda Barabara ya 12 uulize mpakato uone utakavyoelekezwa kwa wauza mikeka.

Mwalimu Mstaafu: Mikanjuni, mwandiko wako naujua toka kidato cha pili. Hata wakati ule ulikuwa hujui pa kuweka koma.

Mikanjuni Juu: Shikamoo mwalimu 😅

Fundi Makorora: Naongezea kwa mwalimu. Prosesa ya laptopu zile imechomelewa kwenye bodi, ikifa umekufa nayo. Ya mezani unaichomoa. Kesho mkipata pesa mnatoa i5 mnaweka i7-7700, soketi ni moja, viini 4 vinabeba kazi 8. Kibodi ikiharibika unanunua kibodi. Ya laptopu kwanza uifungue yote, ung'oe skrubu 20.

Barabara ya 4: Swali la uchokozi kidogo. Fundi, huyo muuzaji wa Kariakoo mnajuana? Maana umezitetea za mezani kama unalipwa kwa kila viini.

Fundi Makorora: Kiini kimoja, viini viwili, jifunze kwanza Kiswahili. Na mimi sijuani na mtu. Nimechangia elfu 50 hapa, jina langu liko kwenye daftari, lako sijaliona. Miaka 11 nafungua mashine za watu na sijawahi kuchukua hata skrubu ya mtu. Nitajie mteja mmoja niliyemdhulumu. Mmoja!

Barabara ya 4: Nimeuliza tu, mbona moto.

Fundi Makorora: Hukuuliza, umetupa mawe.

Kange Stendi: Inauma eh? Na mimi iliniuma hivyohivyo ulipotaja bajaji.

Ngamiani Kitambo: 😂😂😂

Mama wa Pongwe: Samahani mimi si mtaalamu, binti yangu yuko kidato cha pili hapo. Huku kwetu umeme unakatika ukirudi unakatika. Laptopu ina betri. Ya mezani umeme ukikata katikati ya mtihani, kazi ya mtoto imekwenda. Hilo mmelihesabu?

Kidato cha Nne B: Mama hapo umenigusa. Hatukuhesabu.

Ngamiani Kitambo: UPS, lile boksi la betri la kushika mashine umeme ukikata, moja ya kawaida ni kama laki na nusu. Weka kwa kila mashine: laki 4 na nusu ujumlishe laki na nusu ni laki 6. Kwa hiyo hizo 13 zenu zimegeuka 10, bei sawasawa na laptopu. Na UPS yenyewe inakupa dakika chache tu za kuhifadhi kazi na kuzima, si za kumaliza mtihani.

Barabara ya 4: Ndiyo maana nikauliza nani analipwa.

Fundi Makorora: Na betri ya laptopu ya mtumba wewe unaijua umri wake? Ikishika nusu saa shukuru Mungu. Halafu laptopu kumi zinaingia kwenye mabegi mawili ya shule, asubuhi mlinzi anaapa hakuona mtu. Ya mezani mwizi lazima aje na...

Kange Stendi: Aje na nini? Malizia.

Fundi Makorora: Na mkokoteni.

Kange Stendi: Nilikuwa nakusubiri.

Msambaa Mjini: Nimechelewa, nilikuwa Lushoto. Nimesoma yote na mnagombea maiti. Zote mbili ni kizazi cha 7, ndiyo maana ya hiyo 7 ya kwanza kwenye 7500. Windows 11 inataka Intel kizazi cha 8 na kuendelea. Na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025. Tafuteni i5-8400 ya mezani, viini 6, au kama lazima laptopu basi i7-8550U, hiyo ina viini 4 kwa wati zilezile 15. Jina i7, herufi U, lakini viini mara mbili ya hizo za Barabara ya 12. Mtoto anayejifunza kuchapa barua na kujumlisha safu hataona tofauti ya prosesa yoyote humu. Ataona tofauti kama ndani mna SSD, ile hifadhi ya kasi isiyozunguka, au diski ya kuzunguka, na hilo hakuna aliyemuuliza muuzaji.

Mikanjuni Juu: Si tunaweka Linux tu badala ya Windows, ni ya bure.

Mwalimu Mstaafu: Na nani atawafundisha hiyo Linux? Wewe?

Kijana wa Raskazone: Mimi naweza kujitolea Jumamosi mbili kwa mwezi.

Mikanjuni Juu: Atakuja na MacBook ya kuazima.

Kijana wa Raskazone: Ndiyo haya sasa. Mtu akijitolea mnamcheka. Basi fundisheni wenyewe.

Kidato cha Nne B: Wakuu nimempigia wa Barabara ya 12 sasa hivi. Anasema ndani ni diski za kuzunguka, SSD ni elfu 60 ya ziada kila moja. Za kizazi cha 8 anazo laptopu 4 tu, bei hakutaja. Wa Kariakoo hapokei. Kwa hiyo Jumamosi tunajadili nini hasa? Na nani atakwenda Dar kuzikagua kabla hatujalipa?

Barabara ya 4: Aende fundi.

Fundi Makorora: Siendi. Nikienda mtasema nimelipwa.

Shangazi wa Chuda: Nenda mwanangu, mwenye kinyongo ni mmoja tu. Nauli yako naichangia mimi.

Fundi Makorora: Kwa heshima yako shangazi nitafikiria. Zikifika Kange tutahitaji usafiri mpaka shuleni.

Kange Stendi: Leteni Scania.