Benki imemfungia mzee wangu akaunti kisa ana simu ya mezani, hivi hela ni ya mtu au ya laini??

Wakubwa shikamooni, wengine mambo zenu. Nipo Tanga mjini hapa na nimetoka benki saa hii, naandika nina hasira kwahiyo mkikuta herufi zimerukana mnivumilie.

Mzee wangu ana miaka 74. Alikuwa fundi wa korona shamba la mkonge upande wa Muheza (korona ile mashine ya kuchakata mkonge, sio ugonjwa, vijana wa siku hizi lazima uwafafanulie), alipoacha kazi akafungua kigereji chake Ngamiani. Mwaka 1998 akafungua akaunti, kwenye fomu wakamuuliza simu akaandika ya mezani maana ndo aliyokuwa nayo, na enzi hizo ukiwa na mezani wewe ni mtu, mtaa mzima ndugu zao wa Muscat wanapiga kwetu, sisi watoto kazi yetu kukimbia kuwaita mama fulani njoo simu yako. Simu hiyo ipo mpaka leo, ile ile, kwenye kile kimeza chenye kitambaa cha kufuma, na inalia vizuri tu.

Sasa mwezi uliopita mzee kaenda kutoa hela ya mabati, anaambiwa akaunti imezuiwa, taarifa zako hazijahuishwa. Sawa, kahuisha. Kapeleka kitambulisho cha NIDA, picha, barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri, kila kitu. Binti wa kaunta anajaza kwenye mfumo, akifika kwenye namba ya simu inaandika nyekundu, namba si sahihi. Anarudia, nyekundu. Ile namba inaanza na 027 ina tarakimu kumi kamili kama za simu yako ya mkononi, hesabuni wenyewe, lakini mfumo wao unataka 06 au 07 basi, kingine hakijui. Eti babu hiyo namba haipokei meseji na sisi lazima tutume OTP, ile namba ya kuthibitisha inayokuja kwa meseji.

Mzee akamjibu kwa upole kabisa, mwanangu si upige tu unitajie nitaandika. Binti akacheka. Mimi sikucheka, maana alichosema mzee ndo kitu cha akili kuliko vyote nilivyosikia siku ile. Namba za kuthibitisha kusomwa kwa sauti kwenye simu ni kitu kinachofanyika, huko duniani kampuni zinapiga kompyuta inakutajia tarakimu moja moja. Au hata bila hivyo, mtu amesimama mbele yako, sura yake, kitambulisho chake, saini yake ya 1998 unayo kwenye faili, unatafuta meseji ya nini tena??

Mtasema si anunue laini tu, kwani bei gani. Haya nisikilizeni. Ule mchakamchaka wa kusajili laini kwa alama za vidole, wa 2019 mpaka ile Januari 2020, mzee alipanga foleni kama wengine. Vidole vyake vimeisha jamani. Miaka ya mkonge, halafu miaka ya oili na maji ya betri, ukimshika mkono ni kama umeshika kigae. Kile kimashine cha wakala kikawa kinagoma tu, weka dole gumba, weka cha shahada, futa na kitambaa, paka mate, wapi. Nenda NIDA, NIDA rudi kwa wakala. Laini yake ikazimwa na yeye akasema potelea mbali nina mezani yangu. Juzi nimempeleka tena kwa wakala pale Mgandini, vidole vyote kumi, hakuna hata kimoja.

Kwahiyo benki wakaja na suluhisho lao, na hapa ndo nilipopandisha. Weka namba ya mtoto. Nikasema haya weka yangu, jina limekuja langu halifanani na la mwenye akaunti, mfumo umekataa. Halafu ofisa mmoja ananiita pembeni ananinong'oneza kuna namna naweza kuipitisha. Yaani hamtaki simu ya mzee mwenyewe, ila mko tayari salio lake na OTP yake viingie kwenye simu ya mtu mwingine kwa mlango wa nyuma! Mimi ni mwanae na namuogopa Mungu, lakini nyie mnajuaje? Nyumba ngapi hapa mjini wazee wamekombwa na wajukuu kwa mtindo huo huo.

Na hiyo laini mnayoiabudu hata si ya mtu. Laini ikikaa muda haitumiki inafungwa, kampuni inaiuza upya. Mimi laini yangu ya pili nimenunua mwaka jana, mpaka leo naletewa meseji za benki za mtu nisiyemjua, najua mshahara wake unaingia lini, najua unaisha lini (unaisha mapema, pole yake). Nimepiga huduma kwa wateja mara tatu wanasema mwenye akaunti aje mwenyewe. Mwenyewe nitampata wapi mimi? Namba iliyokaa nyumba moja miaka karibu thelathini mnaita si sahihi, iliyozunguka mikononi mwa watu watatu mnaita salama.

Na matapeli nao, ile hela tuma kwenye namba hii, mimi kila wiki nawapeleka 15040, ile namba ya kuripoti matapeli, mpaka nimechoka. Mezani kwa mzee hawajawahi kupiga hata siku moja.

Sio kwamba nakataa simu ya mkononi, natumia mimi, msinielewe vibaya. Ila iwe hiari basi, asiyekuwa nayo ahudumiwe kaunta na apewe hela yake. Vuli ndo hiyo inakuja na sebuleni tumetega ndoo mbili.

Jumatatu tunarudi kuonana na meneja. Kama kuna mtu mzazi wake alikwama hivi, vidole havisomi na benki inadai laini, alitumia karatasi gani wakamkubalia? Kiapo cha mahakamani kinasaidia au nitakuwa nimepoteza hela bure? Msinijibu habari za kuhamisha hela benki nyingine, ili aihamishe inabidi kwanza waifungue.

Mzee mwenyewe kaniambia tuichomoe ile simu tuiweke kwenye kapu la baiskeli twende nayo, wakaione kama wanadhani haipo. Nimemwambia baba hapana, lakini kapu keshalitoa nje.