Kutoka Dodoma kwenda ziwa la milimani kwa miguu, siku moja: tuelekee wapi?

Mkazi wa Kisasa:
Habari za jioni, ndugu wanajukwaa. Sisi ni watumishi sita wa hapa Dodoma ambao kila Jumamosi alfajiri hupanda kilima cha Mlimwa ili kunyoosha miguu baada ya wiki nzima ya kukaa ofisini. Sasa tunatamani kutembea mlimani siku moja hadi kwenye ziwa, tule chakula chetu kando ya maji, kisha turudi kabla ya giza. Binti yangu wa miaka kumi na miwili ameona picha za maziwa ya milima ya Uswisi akaniuliza kwa nini sisi hatuna, nami nikakosa jibu. Je, liko ziwa la namna hiyo tunaloweza kulifikia wakati wa mapumziko ya Nane Nane, na je, watu waliozoea kilima kidogo wataliweza?

Mwalimu mstaafu, Babati:
Ndugu yangu, mwambie binti kwamba maziwa ya Uswisi aliyoyaona mengi yalichimbwa na barafu, iliyokwangua miamba kwa maelfu ya miaka na ilipoyeyuka ikaacha mashimo yaliyojaa maji. Kwa Afrika Mashariki, maziwa ya aina hiyo yapo Mlima Kenya na Ruwenzori, ambako hakuendeki kwa siku moja. Ya kwetu ni kazi ya volkano na Bonde la Ufa.

Kwenu ninyi, palipo karibu ni Hanang. Mtapita lami ya Kondoa hadi Babati, kisha mtashika njia ya Singida hadi Katesh, ambako ni lazima mlale. Mlima una zaidi ya mita 3,400, maana yake mtapanda zaidi ya mita 1,500 kwa siku moja, na Mlimwa haujawaandaa kwa hilo. Ziwa lenyewe, Balangida, haliko kileleni bali chini upande wa kaskazini. Mtaliona kutoka juu, nalo wakati wa kiangazi hupungua na kuacha ukingo mweupe wa chumvi. Anzeni saa kumi na moja alfajiri pamoja na mwenyeji anayeijua njia, bebeni maji yote kutoka mjini, na ikifika saa saba mchana kilele bado kiko mbali, geukeni bila ubishi.

Kinachoumiza ni kuteremka. Mimi nilishuka bila kukaza kamba za viatu, vidole vikawa vinagonga mbele kila hatua, na kucha mbili zikageuka nyeusi kabla sijafika Katesh. Wakati wa mvua msithubutu: tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya mlima ule ilimeguka baada ya mvua kubwa, tope na mawe yakashuka hadi mjini na kuua watu zaidi ya 80. Agosti ni salama zaidi, ingawa alfajiri baridi yake si ya Dodoma.

Dereva wa watalii, Karatu:
Kwa heshima zote, Mwalimu, muuliza swali ametaka kula chakula kando ya maji, si kuyatazama kwa mbali. Anachokitafuta ni Empakaai, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, ambako ziwa limejaza sehemu kubwa ya sakafu ya kreta, yaani shimo la volkano, na njia inashuka msituni kutoka ukingoni hadi ufukweni. Kushuka huchukua kama saa moja. Kupanda ndiko kunakotoa jasho, kwa sababu mlima huu umepinduliwa: mnaanza kwa mteremko mkiwa na nguvu na kumalizia kwa mwinuko mkiwa mmechoka. Ni lazima mfuatane na askari mwenye silaha, kwa kuwa nyati wapo. Kutoka Dodoma hesabuni angalau malazi ya siku mbili, na ulizeni mapema tozo za watu na za gari, maana zikijumlishwa huwashtua wengi.

Mzaliwa wa Tukuyu:
Msisahau Ziwa Ngozi, katika milima ya Poroto, linalofikiwa kwa kutokea Isongole katika barabara ya Mbeya na Tukuyu. Kwa uzuri wa msitu sioni mshindani wake, nami nakiri napendelea kwetu, ila njia ya kutoka ukingoni hadi majini ni kali na huteleza. Kwa mtu wa Dodoma safari ya barabarani itakuwa ndefu kuliko ya mlimani.

Mkazi wa Kisasa:
Nawashukuru nyote. Tumekubaliana Hanang kwa Nane Nane, na Empakaai tutaichangia kidogo kidogo hadi mwakani. Siku ya pili tutashuka Balangida ili chakula kiliwe kando ya maji kama nilivyoahidi. Mwalimu, je, binti naye apande?

Mwalimu mstaafu, Babati:
Mlimani abaki, ziwani mje naye. Mchukulieni ndala, kwa sababu tope la pale ni la chumvi na likikauka kwenye viatu vya ngozi huvipasua.