Naomba ushauri: Mzee ana saratani ya tezi dume, hataki upasuaji

Wakuu, naombeni ushauri. Baba ana miaka 78. PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) imesoma zaidi ya 100, wakachukua kinyama wakapima: ni saratani ya tezi dume, imeshafika kwenye mifupa ya nyonga. Daktari ametupa njia mbili za kushusha homoni za kiume zinazokuza saratani hiyo, sindano kila baada ya miezi 3 au kuondoa korodani mara moja. Upasuaji ndio tunaoumudu, ila mzee hataki hata kuusikia. Ukiutaja anageukia ukutani na kujifunika shuka. Tumepewa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Mliouguza wazazi, mliongea nao vipi bila kuwavunjia heshima? Na maumivu ya usiku, madaktari waliwapa dawa gani? Mama halali kabisa.